Fuata Tarumbeta la Kwanza

Kasiani alikung'uta tarumbeta lake bila kutazama nyuma, na maji yote yakatua kwenye gauni la kitenge la Joanitha, nesi mgeni kutoka Bukoba, aliyekuwa ameinama akichagua samaki, migebuka, pale mwaloni Katonga.

"Kaka, haya ni mate?"

"Ni mvuke tu, dada. Ukipoa unakuwa maji."

"Na huo mvuke umetoka wapi?"

"Mdomoni," Kasiani akakiri. "Lakini leo nimepiga mswaki."

Joanitha alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Kijana mwenyewe alivaa koti jekundu la bendi lenye vifungo vya kung'aa, mikono ya koti imemwishia karibu na viwiko. Akaomba namba ya simu ili aulizie kama doa limetoka. Gauni lilikauka kabla Joanitha hajafika kwake Gungu, lakini simu hazikukoma, na penzi likakolea.

Bendi yenyewe ilikuwa ya Mzee Telesphory. Ilianzia kanisani Bangwe na matarumbeta mawili na ngoma yenye kiraka. Sasa, kuanzia Ujiji mpaka Kasulu, harusi haikuitwa harusi kama pikapu yao haijatangulia. Mzee alikuwa na amri moja tu: "Fuata tarumbeta la kwanza. Likikosea, tukosee wote. Watu watadhani ndivyo wimbo ulivyo." Na tarumbeta la kwanza lilikuwa la Kasiani.

"Mpenzi, Jumamosi usinitafute," Joanitha alimwambia siku moja kwenye simu. "Nina harusi."

"Una harusi?"

"Ndiyo. Na gauni nimeshashonesha. Kwani mzee wenu hajakwambia?"

Kasiani alikata simu. Jioni mazoezini Mzee Telesphory akatangaza, "Jumamosi tunamchukua yule nesi wa Gungu." Kasiani hakuuliza nesi yupi, maana kwake Gungu nzima ilikuwa na nesi mmoja. Joanitha akipiga, hapokei. "Basi amepata mwingine wa kumrushia mate," Joanitha akajisemea, akalia.

Jumamosi msafara ukaondoka. Kasiani, juu ya pikapu, aliona shela jeupe ndani ya gari la maua. Akataka kupiga wimbo wa shangwe. Ukatoka wimbo wa kuaga marehemu. Wenzake walishtuka, lakini amri ni amri. Ngoma ikapunguza mwendo. Bodaboda wakaegesha pembeni, wanaume wakavua kofia. Mama muuza ndizi alijifunga khanga kiunoni akaangua kilio, kisha akauliza marehemu ni nani.

Msafara ukasimama. Akashuka msimamizi wa bibi harusi, gauni la zambarau, viatu mkononi. Alikuwa Joanitha.

"Kasiani, shuka."

Kasiani akashuka, macho yake kwenye gari la maua. Bibi harusi alikuwa amefunua shela: Scola, nesi mwenzake Joanitha, anayepanga naye nyumba moja.

"Umemzika mwenzangu akiwa hai," Joanitha alisema.

"Nilikuwa najizika mwenyewe. Ulisema una harusi."

"Ninayo. Ya Scola. Mtu akisema ana msiba, ndiye aliyekufa?"

"Nisamehe," Kasiani akasema. "Niliumia mpaka nikaogopa kuuliza. Nakupenda, Joanitha."

"Na mimi umeniliza wiki nzima, mjinga wewe." Akatoa leso, akamfuta jasho mbele ya msafara wote. "Ukinioa, siku hiyo tarumbeta mpe mtu mwingine. Wewe sikuamini."

"Umesema nikikuoa?"

"Nimesema tarumbeta. Panda gari, Scola anachelewa."

Kasiani akapanda, akapiga shangwe mpaka mama wa ndizi akacheza na machozi yake shavuni. Mtu mmoja akamsogelea Mzee Telesphory: kumbe bendi inapiga na misibani?

"Tunapiga," mzee akajibu bila kupepesa macho. Tangu siku hiyo bendi haikukosa kazi, watu wakioana au wakifa.

Harusi ya Kasiani ilipofika, tarumbeta la kwanza alipewa mwenzake Meshack. Bwana harusi alikaa ndani ya gari la maua, na Joanitha alimshika mikono yote miwili njia nzima, asije akamnyang'anya Meshack tarumbeta.