Ndala Mlangoni

Kwa miaka tisa Mama Pacha na Mama Vifungo walishona katika chumba kimoja. Vyerehani vyao vilitazamana. Katikati palikuwa na pasi moja ya mkaa, mali yao wote wawili. Mama Pacha alikata na kushona. Mwenzake alitia vifungo, ndipo akapata jina. Walikuwa na sheria moja tu. Anayewahi asubuhi awashe pasi. Anayechelewa alipe kwa kisa kipya, kisiwe cha jana.

Baba Pacha alitengeneza baiskeli nje ya soko. Jioni alirudi na grisi mpaka kwenye nyusi, mapacha wakamcheka.

Kisha barabara mpya ikapita kwenye kiwanja alichorithi Baba Pacha. Wakalipwa fidia. Ilikuwa nyingi kuliko walivyowahi kuota, na mtaa mzima ulijua kabla wao hawajafika nyumbani kutoka benki.

Wiki ile ile salamu zikaota mkia. Mtu alisema hujambo, akaulizia watoto, akasifu mapazia, halafu akakohoa. Baada ya kikohozi likaja ombi. Binamu alitaka mtaji. Jirani alitaka pikipiki. Mmoja alidai alisoma na Baba Pacha, akataka mahari. Baba Pacha hakumkumbuka hata pua.

Mwanzoni walitoa. Waliopata kidogo walinuna, waliokosa wakanuna zaidi.

"Tuseme zimekwisha," Baba Pacha akamwambia mkewe.

Wakasema zimekwisha. Lakini uongo huo ulitaka ulinzi. Baba Pacha aliacha baiskeli, maana kila mteja sasa alitaka kutengenezewa bure. Mama Pacha alinunua cherehani cha umeme. Kikaingizwa nyumbani kimefunikwa shuka, kama mgonjwa. Akashonea huko huko. Mapacha wakakatazwa kucheza nje, wasije wakaropoka. Mlango ukatiwa komeo jipya.

"Mama," akauliza pacha mmoja, "tumefanya kosa gani?"

Adhuhuri moja mlango ukagongwa. Mama Pacha akaweka kidole mdomoni. Mapacha wakanyamaza. Hodi ilikuwa ya Mama Vifungo. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu.

"Mama Pacha, ndala zako zimeshanikaribisha. Bado wewe."

Hakujibu. Alijua bati za mwenzake zinavuja. Bila shaka amefuata bati, alijiambia. Hatua zikaondoka polepole.

Tangu siku ile chakula hakikupita. Mlango wa jirani ukilia, alishtuka. Kichwa kiligonga kama nyundo. Akaenda zahanati.

Muuguzi alikuwa mama mtu mzima, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alimpima, akasema shinikizo la damu limepanda. Akampangia siku ya kurudi kupimwa tena. Kisha akauliza jambo ambalo Mama Pacha hakulitegemea: wiki hii amecheka na nani?

Mama Pacha alifikiri. Akalia. Akasimulia yote.

"Mwanangu," muuguzi akasema, "baba yangu alipolipwa kiinua mgongo, nasi tulijifungia. Wezi hawakuja. Marafiki nao hawakuja tena. Fedha ya ghafla ina bei ambayo benki hawakwambii. Unaanza kuwaona watu wote ni mikono. Nao wanaanza kukuona wewe ni mfuko."

Akamweleza la kufanya. Akae na mumewe, watenge fungu dogo la kusaidia watu. Likiisha, limeisha mpaka mwaka ujao. Fedha nyingine waziweke benki, mahali ambapo haziwezi kutolewa kabla ya muda. Hapo watasema "hatuwezi" na itakuwa kweli. Tena wasiache kazi. Kazini ndiko wanakojulikana kwa mikono yao.

"Kumnyima mtu kunauma siku moja," akamaliza. "Kumkimbia kunauma kila siku."

Baba Pacha alinung'unika kwamba muuguzi huyo hajawahi kuwa na binamu kama wake. Lakini walikwenda benki pamoja, na kesho yake akaanza kutafuta spana zake.

Mama Pacha alirudi kwenye chumba cha kushonea alfajiri. Aliwasha pasi. Mama Vifungo alipofika, alisimama mlangoni.

"Siku ile nilikuwa ndani," Mama Pacha akasema.

"Ndala zilikwishaniambia."

"Nilidhani umefuata bati."

Mama Vifungo alivuta droo, akatoa futi ya kupimia. "Nilikuletea hii. Uliisahau hapa. Nikasema, fundi bila futi atapimaje watu?"

"Nisamehe, dada."

Mama Vifungo alilowesha kidole kwa mate, akaigusa pasi. Ilikuwa imepata moto. Akavuta kiti. Alisema bati kweli zinavuja, lakini hilo ataliomba kwa mdomo wake, siku atakayotaka mwenyewe.

Aliliomba mwezi uliofuata. Fungu lilitosha nusu ya paa. Mama Pacha alimwambia hivyo, akimtazama usoni.

"Basi nusu bati, nusu beseni," akajibu Mama Vifungo. Wakacheka mpaka mteja akachungulia.

Huko zahanati shinikizo lilikuwa limeshuka. Nyumbani komeo lilianza kushika kutu, na mapacha walirudi jioni wamejaa vumbi.

Kisha mvua ikanyesha. Asubuhi Mama Vifungo alichelewa, alikuwa akimwaga mabeseni.

"Nadaiwa kisa," akasema, akijipangusa maji. "Palikuwa na mwanamke alijificha, akasahau ndala nje."

Mama Pacha aliongeza mkaa kwenye pasi.

"Hicho cha jana," akasema. "Leta kipya."