Mkanda Uliopimwa kwa Tepu

Fundi cherehani alikuwa akimshonea dada yake gauni jingine pana. Halikuwa na kiuno. Vifungo alivihamishia kushoto, kwa sababu mbavu za kulia za dada hazikutaka kuguswa. Vipele vilishapona, lakini nguo ikipita pale tu, dada alikunja uso. Kila aliposhona gauni la namna hiyo, Fundi alipandwa na hasira upya.

Mwaka uliopita dada alianza kuungua ubavuni. Kisha vikatoka vipele vya maji, vimejipanga kutoka mgongoni kuja tumboni.

"Mkanda wa jeshi huo," alisema mumewe.

Je, alimpeleka hospitali? Wapi! Aliazima tepu ya kupimia ya Fundi. Alikuwa amesikia kwamba ncha za mkanda zikikutana, mgonjwa hufa. Basi kila asubuhi akawa anampima mkewe. "Bado mbali," alisema kwa furaha. "Utapona tu." Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba dada ana "ule ugonjwa", naye mumewe akamtengea sahani. Mtu mzima na akili zake!

Jioni hiyo dada alikuwa dukani akijaribu gauni, mumewe amekaa kwenye benchi. Muuguzi wa jirani akaingia kuchukua sare yake.

"Fundi, kituoni kwetu kuna chanjo ya mkanda wa jeshi, kwa waliofika miaka hamsini na zaidi. Njoo."

Shemeji akadakia, "Chanjo ni ya watoto! Halafu akionekana kwenye foleni ile, watu watasema ukoo mzima unaumwa."

Fundi alisita. Wateja wake ni wa mtaa huohuo. Wakimkimbia, atakula nini? Lakini akiungua mbavu kama dada, atainamaje kwenye cherehani?

"Nieleze kwanza," akamwambia muuguzi. "Mimi jeshini sikwenda. Mkanda nitautoa wapi?"

Muuguzi akacheka. "Utotoni uliugua tetekuwanga?"

"Tuliugua pamoja, mimi na dada."

"Basi virusi vyake havikuondoka. Vimelala kwenye mishipa ya fahamu. Umri ukisogea, kinga hupungua, navyo huweza kuamka. Maradhi mengine pia hushusha kinga, ukimwi ukiwamo. Lakini kumwona mtu ana mkanda ukasema umeshajua anaumwa nini, huo ni umbea, si kipimo. Na hata angekuwa na ukimwi, mgonjwa hutibiwa, hatengewi sahani."

"Na ncha zikikutana?" aliuliza shemeji.

"Kwa kawaida mkanda hukaa upande mmoja. Hakuna ncha za kungojea, shemeji. Cha kuwahi ni dawa, tena ndani ya siku tatu tangu vipele vitoke. Siku hizo wewe ulikuwa unapima kiuno!"

Dada akamgeukia mumewe.

"Sahani ulinitengea. Hospitali hukunipeleka."

Shemeji alitazama chini. Hakuna aliyemhurumia.

"Chanjo yenyewe ina madhara?" aliuliza Fundi.

"Mkono utauma. Huenda ukapata homa na uchovu kwa siku chache. Ni sindano mbili, ya pili baada ya miezi miwili hadi sita. Haimkingi kila mtu, ila inapunguza sana uwezekano wa kuugua, na wa kubaki na maumivu kama ya dada. Ukiwa na mzio au homa, tuambie kabla."

"Na mimi niliyekwisha kuugua?" aliuliza dada.

"Mkanda unaweza kurudi. Nawe njoo."

Wakaenda wote wawili mchana kweupe, wakapitia mlango wa mbele. Fundi aliumwa mkono, akalala mapema, kisha akarudi kwenye cherehani. Miezi ilipotimia wakachomwa ya pili. Wateja hawakukimbia, na mkanda haukumpata Fundi. Maumivu ya dada hayakuisha, ila hofu ya kuugua tena ilipungua. Na shemeji, bila kusukumwa, alikwenda kuchanjwa.

Siku moja mteja mmoja mwenye mvi aliinama karibu na dada, akashusha sauti.

"Eti ni kweli mlichanjwa kwa sababu ya... ule ugonjwa?"

Dada alijibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

"Tulichanjwa kwa sababu tumezeeka, kama wewe! Mimi niliponzwa na kutojua. Wewe umeshaambiwa."