Swali Lililobadilishwa Njiani

Kila simu ya dada yake ilipolia, msichana wa darasa la sita aliacha chochote alichoshika. Nyumbani walimwita Kipaza. Dada, muuguzi aliyehitimu mwaka huo, alikuwa na uziwi kiasi. Kifaa cha nyuma ya sikio kilimsaidia kuzungumza na mtu ana kwa ana, lakini sauti ya simu aliisikia kama mvumo tu. Kwa hiyo Kipaza alisikiliza, akarudia maneno kwa midomo bila kutoa sauti. Dada aliyasoma, akajibu mwenyewe.

Jioni moja alipiga simu muuguzi mkuu wa hospitali ambako Dada aliomba kazi.

"Jumatatu uje kwenye usaili," alisema. "Utasikiliza kifua cha mtoto mbele yetu. Je, una ulemavu wowote, ili tukuandalie vifaa?"

Kipaza alisita. Hospitali mbili ziliwahi kuuliza hivyo, Dada akajibu kweli, zisimwite tena. Midomo yake ikaunda swali jingine: "Una swali lolote?"

"Hapana, mama," Dada akajibu. "Asante sana."

Simu ilipokatika, Dada alikunja uso. "Ajabu, hawakuuliza kuhusu masikio. Nilitaka kuwaomba stethoskopu ya kukuza sauti. Kwa ile ya kawaida sisikii kitu."

Chakula kilimshinda Kipaza.

"Vipi, Kipaza, betri imeisha?" Dada alimtania. Kipaza hakucheka. Alikuwa akimfikiria mtoto anayekoroma kifuani na muuguzi asiyesikia mkoromo huo.

Asubuhi, Dada akipiga pasi sare yake, Kipaza alisimama mbele yake ili midomo yake ionekane vizuri, akaeleza yote.

Dada aliiweka pasi wima. Hakufoka, na hilo lilimuuma Kipaza zaidi.

"Umenidanganyisha kwa kinywa changu mwenyewe," alisema. "Piga simu."

Dada alimweleza muuguzi mkuu ukweli wote: uziwi wake, kifaa anachohitaji, na jinsi mdogo wake anavyomsikilizia simu.

"Stethoskopu hiyo tunayo," muuguzi mkuu alisema. "Usaili uko palepale. Sasa huyo mdogo wako arudie haya, neno kwa neno."

Kipaza akaanza:

"Mdogo wangu, najua ulimwonea dada yako huruma. Lakini ukificha anachohitaji, unamnyima kifaa, na mgonjwa unamnyima muuguzi anayemsikia. Kama kuna waliomkataa kwa sababu ya masikio yake, kosa ni lao. Usilifanye liwe la dada yako kwa kumsemea uongo."

Dada alisoma mpaka neno la mwisho.

"Amemaliza?" aliuliza.

"Bado," Kipaza alisema, akifuta machozi. "Anasema Jumatatu nisikusindikize. Utasikia mwenyewe."