Odalie na Kinyanyuzi cha Injini

Wakati wa likizo ya kiangazi, siku ya Odalie Pitre ilianza na harufu ya chambo. Kabla jua halijapanda juu ya nyasi za kinamasi, tayari alikuwa amekaa kwenye gati nyuma ya nyumba yao, akitia vichwa vya samaki ndani ya ndoo, huku Babu Ovide akijaza petroli kwenye tangi jekundu la mashua. Kisha Bibi Verna aliwaletea kahawa. Ya Babu ilikuwa nyeusi tii; ya Odalie, maana alikuwa na miaka kumi na miwili tu, ilikuwa maziwa yaliyoonyeshwa kahawa kwa mbali. Wakishakunywa, haoo, wanashuka na hori, ule mkono wa maji uliopita nyuma ya nyumba, kwenda kutazama mitego yao ya kaa.

Mashua yao ilikuwa ya bati, na injini kubwa ilifungwa kwenye ubao wa tezi, nyuma kabisa. Maji ya kule kusini mwa Louisiana hayana msimamo. Hapa mtu mzima anazama. Hatua kumi mbele, kuku anavuka bila kulowa magoti. Kila walipofika penye maji machache, ilibidi injini iinuliwe nyuma kidogo ili propela isichimbe matope. Kwa miaka arobaini Babu aliinama, akaishika na kuinyanyua kwa mikono yake, mara ishirini kwa siku.

Mwaka ule bega lake la kulia liligoma. Daktari alilifanyia upasuaji, akamwonya asinyanyue kitu chochote kizito kuliko sufuria ya wali. Odalie alijaribu kuinyanyua injini yeye. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Injini haikujongea.

"Basi," Babu alisema jioni moja mezani. "Msimu ukiisha namuuzia mtu mashua. Nitakaa barazani nihesabu magari."

"Kwenye barabara hii?" Bibi Verna alimdaka. "Utahesabu matatu, na mojawapo ni la posta."

Odalie alicheka, lakini aliweka kijiko chini. Alimjua babu yake. Nchi kavu alikuwa mzee mwenye bega bovu. Majini alikuwa Ovide Pitre, na hata ndege wa kinamasi walimjua.

Aliyeleta dawa ni Bi Earline, mwanamke mnene mwenye sauti ya tarumbeta, aliyekuwa na uwanja wa mashua chakavu mwendo wa saa nzima kwa gari. Odalie alizoea kumsaidia huko siku ambazo Babu alikwenda kutafuta vipuri. Alikuwa amejifunza kwake kutengeneza taa za matela na kupima betri. Jumatatu moja Bi Earline alipiga simu.

"Ovide, nimekupatia mkono wa chuma! Kuna injini ndugu ya yako ilizama kwenye kimbunga. Injini yenyewe marehemu, lakini kinyanyuzi chake cha umeme ni kizima."

"Bei gani?"

"Kapu moja la kaa, na mnialike Jumamosi kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa Verna."

"Ungekuja hata bila kualikwa."

"Ndiyo, lakini nisingeleta kachumbari ya viazi."

Alhamisi alikuja nacho. Kilikuwa na jeki fupi nene ya kukaa kati ya injini na ubao wa tezi, kijipampu cha kusukuma mafuta ndani ya jeki, na fundo la nyaya zenye swichi. Bi Earline na Curtis, binamu yake Odalie mwenye miaka kumi na mitatu, waliining'iniza injini kwa mnyororo, wakafunga jeki kwa bolti, wakatia mafuta. Jua lilipoanza kuinama Bi Earline alifuta mikono na kumpa Odalie karatasi yenye mchoro.

"Mimi narudi, nina wateja. Nyaya utafunga wewe, binti yangu. Waya wa bluu unainua, wa kijani unashusha, mweusi unakwenda upande hasi wa betri. Mwekundu ndio unaoleta moto kutoka betri, na huo lazima upitie hapa kwanza." Alimwekea kiganjani kijumba kidogo cha plastiki chenye fyuzi ndani, kile kijiuzi kinachokatika umeme ukizidi. "Usikipoteze. Ninacho kimoja tu leo."

"Odalie afunge nyaya?" Curtis aliangua kicheko. "Huyu aliyeangusha simu yake kwenye supu? Atawasha nyumba nzima!"

"Kesho saa kumi njoo hapa," Odalie akamjibu, pua juu. "Utaniita fundi."

Ijumaa alifanya kazi tangu asubuhi, ulimi nje pembeni mwa mdomo. Alimenya nyaya, akazibana vichwa vya shaba, akaisugua kutu kwenye vituo vya betri. Mara ya kwanza alipojaribu, alibonyeza swichi ya juu, injini ikashuka. Akabonyeza ya chini, ikapanda.

Babu alicheka mpaka akashika bega. "Imefunzwa na Verna hiyo! Ukiiambia njoo, inakwenda."

"Nimesikia!" Bibi alipaza sauti kutoka jikoni.

Odalie naye alicheka, akabadilisha wa bluu na wa kijani. Ilibaki kazi moja tu, kukifunga kabisa kile kijumba cha fyuzi alichokuwa amekishikiza tu kwa majaribio. Babu aliingia ndani kunywa dawa yake. Odalie aliinama juu ya tezi, mikono imejaa mafuta. Alikichomoa kijumba kwa vidole viwili.

Chubwi!

Alitumbukiza mkono mpaka begani. Alipapasa, akatoa tope, kombe tupu, na kopo la soda. Maji yalikuwa ya rangi ya kahawa ya Babu, hayaonyeshi kitu. Saa kumi kasoro robo. Curtis alikuwa anakuja kwenye gati, filimbi mdomoni.

Odalie angeweza kusema, "Kimeniponyoka." Ni neno moja tu. Lakini alisikia kicheko cha Curtis kabla Curtis hajacheka. Aliushika waya mwekundu, akauunga moja kwa moja kwenye betri, akazungushia tepu nyeusi pale ambapo kijumba kilipaswa kukaa.

Babu alitoka. Odalie akabonyeza. Zzzzz! Injini nzito ile ilipanda taratibu, maji yakichuruzika kwenye propela, kama ng'ombe anayeinuka kutoka usingizini. Akaibonyeza chini, ikashuka. Akarudia mara tano ili upepo wote utoke kwenye mafuta. Babu alibonyeza yeye mwenyewe kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, halafu akafunika uso kwa kofia yake muda mrefu kidogo.

"Haya, fundi," Curtis alisema. "Nimeshindwa."

"Umefuata mchoro wote?" Babu aliuliza.

"Wote, Babu."

Usiku ule Odalie alikula kidogo, ingawa chakula kilikuwa kile akipendacho, mchuzi mzito wa kamba na bamia.

Jumamosi nyumba ilijaa shangwe. Bibi Verna alitimiza miaka sabini, na alitaka jambo moja tu. Alitaka kuvuka maji machache mpaka kwenye kisiwa cha makombe walikochumbiana na Babu, akale kaa huko. Hakuwa amefika tangu bega la Babu liharibike. Masufuria yalipakiwa, na makaa, na keki. Wadogo wawili wa Curtis, mapacha wa miaka mitano, walivalishwa majaketi ya kuokolea wakafanana na maboga. Wakapelekwa kukaa tezi, pembeni ya tangi jekundu la petroli.

Odalie alilitazama tangi. Waya mwekundu ulipita chini yake. Alikumbuka siku moja uwanjani kwa Bi Earline, waya wa tela usio na fyuzi ulivyowaka mwekundu kama sigara, plastiki ikidondoka matone.

"Odalie, ingia, mwanangu," Babu alisema. "Leo wewe ndiye mwenye swichi."

Wote walipiga makofi. Odalie alibaki kwenye gati.

"Babu, washushe."

"Nini?"

"Washushe watoto. Sijaweka fyuzi. Ilianguka majini jana, nikaona haya, nikaunga waya hivihivi. Nilikwambia nimefuata mchoro. Nilidanganya."

Kaa peke yao ndio walioendelea kukwaruza ndani ya kapu. Babu hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Odalie zaidi kuliko kofi. Babu alimnyanyua pacha mmoja kwa mkono wake mzima, akampa Curtis, kisha wa pili. Akaichomoa betri.

"Lakini jana ilifanya kazi!" Curtis alisema. "Si twende tu? Kisiwa ni hapo pua na mdomo."

"Mtu anayevuka barabara akiwa amefumba macho naye hufika, siku moja moja," Babu alijibu. "Tunamngoja Earline."

Bi Earline alifika nusu saa baadaye, bakuli la kachumbari kwapani. Alisikiliza habari yote. Kisha akaenda kwenye gari lake, akarudi na kijumba kipya na fyuzi za akiba, akamkabidhi Odalie.

"Wewe ndiye fundi. Fanya."

Odalie alikifunga sawasawa. Betri ikarudishwa. Akabonyeza, injini ikapanda, ikashuka.

"Umeona?" Curtis alisema.

"Jana mliipima ikiwa imenyooka tu?" Bi Earline aliuliza. "Majini mtakata kona. Zungusha usukani mpaka mwisho, halafu uinue."

Odalie alizungusha usukani. Injini iligeuka kushoto mpaka ikagota. Akabonyeza.

Tak! Zzzz ikakatika. Kimya.

Bi Earline aliifungua fyuzi. Kijiuzi chake cha ndani kilikuwa kimeungua, cheusi. Wakachungulia nyuma ya injini wote wanne, vichwa vimegongana. Waya wa bluu ulikuwa umefungwa bila nafasi ya kucheza. Injini ilipogeuka ikaubana kwenye chuma, plastiki ikachanika, shaba ikagusa bati.

Curtis aliutazama ule waya. "Kama fyuzi isingekuwepo..."

"Waya wote ungekuwa kaa la moto," Babu alisema, "na juu yake tangi, na juu ya tangi dada zako."

Odalie alianza kulia. Bi Earline alimpa kitambaa cha kufutia mafuta, ndicho alichokuwa nacho, na uso wa Odalie ukawa na masharubu meusi. Mapacha walipoyaona wakaangua kicheko, na Odalie naye, katikati ya machozi, akacheka.

Walikata waya ulioharibika, wakaunga mrefu zaidi, wakauacha uwe na kitanzi cha kutosha, wakauvisha bomba laini la plastiki. Curtis ndiye aliyeshika tochi, na hakutoa mzaha hata mmoja. Fyuzi mpya iliwekwa. Odalie alizungusha usukani kushoto, kulia, katikati, akiinua na kushusha kila upande. Alirudia mara kumi, hakuna aliyemharakisha. Hata Bibi Verna, aliyekuwa amekaa juu ya sufuria lake kubwa, alingoja kwa utulivu.

"Nimengoja miezi yote hii," alisema. "Saa mbili zitaniua?"

Adhuhuri waliondoka. Walipofika penye maji machache, Odalie alibonyeza, injini ikapanda nusu, na mashua ikateleza juu ya matope kama kisu juu ya siagi. Samaki wadogo waliruka pembeni. Babu alikaa nyuma ya usukani, kofia kisogoni, akiimba wimbo usio na mwisho wala mwanzo. Kisiwani walichemsha kaa kwa pilipili na mahindi, wakamenya mpaka vidole vikawasha. Bibi Verna alimshika Babu mkono wake mzima, wakacheza juu ya makombe, naye Bi Earline akawapigia sufuria.

Baadaye Babu alikuja kukaa karibu na Odalie.

"Kuangusha kitu si kosa," alimwambia. "Mimi nimeangusha humu spana za kutosha kufungua duka. Waya kubanwa nako si kosa kubwa, hata nyaya za Earline hubanwa. Lakini fundi akificha kosa lake, anawafungia wenzake macho. Jana uliona haya kidogo ukatuweka hatarini wote. Leo umekubali aibu kubwa mbele ya ukoo mzima, na ndiyo maana tuko hapa tunakula. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayetaka anifungie nyaya. Kweli ikichelewa ni mbaya, mjukuu wangu, lakini isipofika kabisa ni mbaya zaidi."

"Na mashua, Babu? Bado unauza?"

"Mashua ipi?" Babu aliuliza, akachukua kaa mwingine.

Habari zilizunguka hori lote. Jumatatu asubuhi jirani mmoja alikuja na toroli, juu yake mashine ya kufulia iliyokufa.

"Nasikia hapa kuna fundi umeme. Unaweza kuitengeneza hii, binti?"

Curtis alikuwepo, akimtazama. Odalie aliizunguka mashine ile mara mbili, akachungulia nyuma yake.

"Hii siijui, mjomba," alisema. "Iache hapa, nitamwuliza Bi Earline, na mimi na wewe tutajifunza."