Saa Ndani ya Mfuko wa Koti

Mama Pasi na mumewe walikuwa madobi. Mume alifua uani. Mke alipiga pasi katika chumba cha mbele. Jina hilo alipewa na wateja. Shati likitoka mikononi mwake, hata inzi angeteleza.

Kazi yao ilikuwa na sheria moja. Kila kitu kilichokutwa mfukoni kiliwekwa kwenye mkebe dirishani. Vifungo, funguo, leso, siku moja hata meno ya bandia. Mwenye kitu akija, anakikuta.

Halafu shemeji akarudi, mdogo wa mumewe. Alikuwa amefungwa kwa kuvunja duka la nguo. Mume alimpokea kwa mikono miwili, akampa kazi ya kukagua mifuko na kuloweka nguo.

"Mifuko?" Mama Pasi alishangaa. "Baba watoto, umemkabidhi fisi bucha!"

"Ni ndugu yangu. Ametubu."

"Amesema ametubu. Kusema ni bure."

Basi Mama Pasi akakaa chonjo. Shemeji akicheka, alijiuliza anacheka nini. Akinyamaza, alijiuliza anapanga nini. Maskini, hata kula alikula kwa woga, maana kila tonge lilisindikizwa na jicho.

Mwishowe Mama Pasi akatega mtego. Alikuwa na saa ya mkono ya marehemu baba yake. Asubuhi moja Katekista wa kanisani kwao alileta koti lioshwe. Mama Pasi aliitia saa ndani ya mfuko wa koti, kisha akaliweka kwenye rundo la shemeji. Saa ikifika mkebeni, sawa. Isipofika, shemeji afunge virago.

Kabla ya saa sita aliuchungulia mkebe. Mlikuwa na vifungo tu. Koti lilikuwa limelowekwa, na shemeji hayupo. Moyo ukamruka, na tuseme kweli, uliruka kwa furaha.

"Si nilisema?" alimpigia mumewe kelele. "Ndugu yako ametoweka na saa ya Katekista! Ilikuwa kwenye koti!"

Mume aliingia mikono ikiwa na povu. Uso ulimshuka. "Kama ni kweli," alisema polepole, "leo halali hapa."

Wakati huohuo Katekista akaingia. Shemeji alikuwa nyuma yake, jasho likimtiririka.

"Kijana ameniletea saa," Katekista alisema.

"Niliogopa kuiweka mkebeni," shemeji alieleza. "Ikipotea pale, ataulizwa nani? Nikaona nimpelekee mwenyewe mkononi."

"Ahsante yake. Lakini saa si yangu. Mimi sivai saa, kengele ya kanisa inanitosha." Katekista akaiweka juu ya meza ya pasi.

Mume aliitambua. Akamtazama mkewe.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Mama Pasi. Angeweza kusema saa ilimponyoka ikaangukia mfukoni, na nani angebisha? Akamtazama shemeji. Alisimama kama mtu anayengoja hukumu.

"Ni yangu," alisema. "Niliiweka mimi. Nilitaka kukukamata, shemeji." Aibu ikamshika, akalia.

Shemeji alifuta jasho. "Kuniogopa nakuelewa. Mimi niliiba kweli. Lakini leo njiani nilipita kwa wanunuzi wa saa. Nilisimama. Nikajiambia, kama nyumbani wananiona mwizi tu, si bora niwe mwizi?"

"Ikawaje?" Mama Pasi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nikaendelea kutembea."

Katekista akavuta kiti. "Mimi huwatembelea wafungwa," alisema. "Nimeona wengi wakitoka, kisha wakirudi. Wengine hurudishwa na njaa. Wengine hurudishwa na macho yetu. Mtu akitoka, msimtegee. Mkiwa na wasiwasi, mwambieni waziwazi. Mpeni kazi, na akiifanya vizuri, msifuni."

"Lakini nitajuaje kama ametubu kweli?" Mama Pasi aliuliza.

"Kutubu ni uamuzi wake, utauona kwa matendo. Kumpokea ni uamuzi wako. Nguo huletwa hapa zikiwa chafu, na hamzikatai. Mungu naye alitupokea hivyohivyo."

Mama Pasi akainuka. "Shemeji, nisamehe."

"Nimekusamehe," shemeji alisema. "Lakini shati la watu linaungua."

Kweli, moshi ulikuwa ukipanda mezani! Wote wakacheka, hata mwenye machozi.

Tangu siku ile, kila jioni waliufungua mkebe pamoja. Wasiwasi wa Mama Pasi haukuisha mara moja. Ukimjia, alimwambia shemeji usoni, naye alijibu, "Njoo tukague wote." Baada ya muda wateja wakaanza kumtuma shemeji awapelekee nguo majumbani, naye akawa anakula mpaka anashiba.

Jumapili moja Katekista alisimama kanisani. Alisema kuna mtu atafunguliwa wiki hiyo, na hana ndugu. Nani atampokea? Watu walitazama viatu vyao.

Mama Pasi akasimama.

"Kitanda cha ziada hatuna," alisema.

"Atalala kwenye changu," shemeji alidakia. "Mimi nitatandika mkeka."

"Basi aje," alisema Mama Pasi.