Namba Mbili Hajajibu

Magunia ya mchele ya Remtulla hayakuwa yakiibwa, yalikuwa yakisukumwa. Kila asubuhi matatu yalikutwa chini, nje ya mlango wa ndege, yamepasuka, mchele unanuka petroli.

Ndege yenyewe ilikuwa gofu la vita, imelala Kipawa tumbo chini. Mabawa yalikwisha kugeuzwa sufuria, na Remtulla akalifanya tumbo lililobaki kuwa bohari lake. Mganga wa Pugu alikwisha kula kuku wawili na kuapa kwamba jini kahama. Jini hakuwa na habari.

"Bwana Romani, si wewe uliyeruka na madude haya huko Burma?" alisema Remtulla. "Ingia basi, pengine litakuonea haya."

Romani, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyevaa nishani yake hata akienda sokoni, aliingia saa tisa alasiri. Kando ya mlango akaziona alama tatu alizozichonga mwenyewe kwa kisu. Akazifunika kwa kiganja.

Nje, Wahiba alikuwa akipepeta mchele uliomwagika. Mwaka wa tisa huu alikuwa akimngoja mumewe, Jamali. Hakukaa eda, hakuolewa, kwa kuwa Romani alimwambia walipotezana msituni.

"Shemeji, ndiyo hii mliyopanda na Jamali?"

"Zote zinafanana," alisema Romani.

Kengele ikalia. Ndani hamkuwa na kengele, nyaya tupu tu. Lakini ililia, na harufu ya petroli ikampanda puani, na kabla hajageuka alijikuta kalala chali sakafuni kama walivyokuwa wakilala zamani, watu watatu bega kwa bega, nyayo kwenye mzigo, kila mmoja akingoja namba yake iitwe aseme yuko tayari, ndipo wasukume mzigo uwaangukie askari walioko msituni.

"Mbili?" iliita sauti.

Kimya. Ubavuni pake mtu alikuwa akihema, akihangaika na kamba.

Siku ile pia Jamali, namba mbili, hakujibu. Mzungu wa kuita namba alikuwa akifoka, na Romani, namba tatu, akamjibia: "Tayari!" Wakasukuma. Kamba ya mzigo ilikuwa imemzonga Jamali mguuni.

Nyayo mbili za baridi zikamgusa Romani mbavuni, zikaanza kumsukuma, polepole, kuelekea mlangoni.

"Shemeji," Wahiba alinong'ona mlangoni, "nani anaita humo?"

"Jamali amekufa, Wahiba! Alikuwa bado anafungua kamba! Nilimjibia mimi!"

Nyayo zikasita.

Wahiba aliweka ungo chini. "Miaka tisa," alisema. "Na kila Idi unakuja kwangu kula pilau."

Akaenda kukaa eda. Magunia hayakusukumwa tena, na Remtulla akampelekea mganga kuku wa tatu.

Ila kila alasiri kengele hulia chumbani kwa Romani, na sauti huita, kwa upole kabisa: "Tatu?"

Bado hajajibu. Kitanda kimeshafika kizingitini.