Ubeti Ambao Haujashuka

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipoanua nguo na kuingia ndani. Binti yake alikuwa jikoni akiosha vyombo. Simu ikalia mezani.

Wimbo ulikuwa unaingia.

Wanakwaya waliokuwa wakiimba na marehemu mumewe walikuwa wakigawana nyimbo na picha, simu kwa simu. Wifi yake ndiye aliyemwekea programu ile baada ya matanga. "Ukipokea, na simu yako inawagawia wengine," alimweleza. Alipositasita, akachekwa. "Wifi nawe! Unaiogopa simu kama ina meno?"

Akabonyeza. Ubeti wa kwanza ulikuwa umefika.

Aliyeimba alikuwa mumewe. Sauti ilikwaruza kama siku zile za mwisho wodini, na wimbo wenyewe hakuwahi kuusikia. Machozi yakamlenga. Akampigia wifi yake.

"Ulimrekodi kaka yako hospitali?"



"Wimbo gani? Mimi siujui." Akakata.

Lakini fundi hakuwa ametaja wimbo wowote.

Ubeti wa pili ukaingia. Chumba kikaanza kunuka dawa ya wodini. Akatazama jina la anayetuma. Hakuna jina. Pembeni, alama ilionyesha simu yake nayo inatoa.

Inatoa nini?

Picha za nyumbani.

Akazifungua. Kwenye picha ya harusi alisimama peke yake, mkono umeshika hewa. Akafungua ya binti yake, ya juzi tu. Chini ya magoti hapakuwa na kitu. Sakafu tupu.

"Mama," binti akaita kutoka jikoni, "miguu imekufa ganzi."

Wimbo ukakatika katikati. Sauti ikanong'ona, "Ngoja, mke wangu... nimalizie."

Alitamani kungoja. Mungu anajua alivyotamani.

"Nisamehe, baba watoto."

Akachomoa betri.

Harufu ikaondoka. Akakimbilia jikoni, akamkuta binti anakanyagakanyaga sakafu, ganzi ikimtoka. Akamkumbatia, akasali polepole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa utotoni.

Kabla hajasema amina, akasikia kifuani pake mtoto anaimba taratibu. Mahadhi yalikuwa yaleyale ya wimbo ule. Maneno yalikuwa mapya.

Ubeti wa tatu.

"Nani kakufundisha huo?"

"Shangazi. Amesema nikishaujua wote, baba atakuja kunichukua."

"Umebakiza mwingi?"

Binti akatikisa kichwa kukataa.

Mlangoni, mtu akabisha hodi.